Mgomba wenye Urefu wa Mathe

Beni, Mulekera, 4 Machi 2024

Zorobabel, mdogo wangu,

Usishangae kupata barua. Simu yangu ni nzima. Ila kwenye simu, nikikuuliza swali gumu, réseau, ule mtandao, inaharibika palepale na mimi ninabaki na "allo, allo" mdomoni. Karatasi haikatiki. Kataliko, yule motari wa pikipiki wa avenue yetu, anakuja Butembo kila wiki. Nimemwambia akupe mkononi, na wiki inayofuata apite kuchukua jibu.

Leo ni wiki ya sita. Unajua walivyotoka: Mathe mume wangu na binti yetu Jemima walienda shambani Jumatatu kuvunja kakao. Bunduki zililia kabla ya saa sita mchana, kila mtu akakimbia upande wake. Jemima alirudi Jumatano, peke yake, na tope mpaka shingoni. Ana miaka kumi na nne, na tangu siku hiyo anaongea kama mtu aliyepimiwa maneno. Mathe hakurudi. Miili iliyoletwa mjini niliitazama yote, mmoja mmoja, nikitafuta kidole gumba chenye kovu la panga. Hakuwamo. Namba yake ninaipiga kila siku, na yule mwanamke wa mashine ananijibu kwa adabu kwamba hapatikani.

Sasa shemeji Kahongya, kaka mkubwa wa Mathe, amechoka kungoja. Ameniambia mbele ya watu: "Mutu akipotea mu pori, wiki sita inatosha. Tukate mugomba, tuzike, bantu balie, iishe." Mila yetu unaijua. Mwili usipopatikana, unakatwa mgomba wa urefu wa mtu yule, unavikwa nguo yake, unazikwa kwa nyimbo. Baada ya hapo mtu amekufa, hata akitokea mlangoni. Kahongya amekwisha kuuchagua, nyuma ya jiko langu, akaupima kwa kamba. Nilimtazama akipima, nikajiuliza kama anapima mgomba au anapima shamba letu la kakao.

Wewe unasomea uchungaji, na mwaka huu unawekewa mikono. Kwa hiyo nijibu kama msomi, si kama mdogo anayemjibu yaya, dada yake mkubwa. Tulifundishwa tangu utoto kwamba Mungu ni mkamilifu, hakosei. Basi kwa nini aliwaumbia watu dunia yenye kasoro namna hii? Fundi akijenga vizuri kila upande, akaacha ufa mahali pamoja tu, watu husema alifanya makusudi. Mimi nimeanza kumtilia shaka Fundi huyu.

Yaya wako,
Kanyere


Butembo, Bulengera, 11 Machi 2024

Yaya mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako Kataliko alinipa mlangoni, akasimama kunitazama ninavyoisoma. Sijui kama ulimtuma afanye hivyo.

Utacheka: swali lako ndilo mwalimu wetu alilonipa kwa kazi yangu ya mwisho. Aliliandika ubaoni kwa chaki, karibu neno kwa neno, akasema asiyeweza kulijibu asisimame mimbarani Beni wala Butembo. Ninaandika usiku na mchana.

Jibu la kwanza ni hili. Mungu alimpa mwanadamu uhuru. Angetuumba tusioweza kukosea, tungekuwa kama saa ya ukutani: inaenda sawa, lakini haimpendi mtu. Upendo unahitaji mtu anayeweza kukataa. Mlango ule ule ambao upendo unaingilia, na ubaya nao unapita. Kwa hiyo kasoro haikutoka kwa Mungu, ilitoka kwetu.

Kuhusu mgomba, nakuomba sana usikubali. Wiki sita ni kidogo. Mwambie shemeji Kahongya kwamba kanisa linataka tungoje. Mwambie mimi nimesema. Usikubali, yaya, kabisa.

Kataliko atakufikishia gunia la viazi vya Lubero. Ni vizuri, vimechaguliwa kimoja kimoja. Jemima ale.

Mdogo wako katika Kristo,
Zorobabel


Beni, Mulekera, 19 Machi 2024

Zorobabel,

Viazi vimefika, asante. Jemima amekula, tena akaomba vingine. Gunia nalo nimelitazama vizuri. Nani alilishona?

Ninauliza tu.

Jibu lako nimelisoma kwa sauti pale jikoni. Linaenda vizuri mpaka unapofika kwa mtoto. Wale wenye bunduki walikuwa na uhuru, sawa. Jemima wangu alichagua nini asubuhi ile? Alichagua kubeba bidoni ya maji. Mungu wako ametoa uhuru kama baba anayewagawia watoto visu, halafu mmoja akichomwa anasema, "Mimi niliwapa wote sawasawa." Baba kama huyo hapa mtaani tungempeleka kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa.

Tena kuna jambo lingine. Kila mtu anayesikia habari ya Mathe ananiuliza maswali matatu: alivaa nini, nani alimwona mwisho, simu yake inaita? Hata mama anayeniuzia chumvi aliniuliza. Wewe, uliyekula sahani moja na Mathe miaka kumi, hujaniuliza hata moja. Unaniambia tu "tungoje, tungoje", kama mtu anayejua basi litafika saa ngapi.

Sisemi kitu. Ninaandika ninachokiona.

Kanyere


Butembo, Bulengera, 27 Machi 2024

Yaya,

Umenikwaza kidogo, lakini najua ni uchungu. Gunia lilishonwa na mtu wa depo ya viazi, kule sokoni. Wako wengi pale, siwajui majina. Kuhusu maswali matatu, sikuuliza kwa sababu niliogopa kukuumiza. Ndiyo hiyo tu.

Mwalimu ameniambia hoja ya uhuru peke yake haitoshi, karibu kama wewe. Donc, basi, nimeongeza mbili.

Ya kwanza: dunia ni nyumba ambayo Baba aliijenga kuta na paa, akawaachia watoto wake kuimalizia. Angeimaliza yote, sisi tungekuwa wageni ndani yake. Kasoro ni kazi tuliyobakishiwa.

Ya pili nimeitoa kwako mwenyewe. Kakao ikitoka kwenye ganda ni chungu, haifai. Unaifunika kwa majani ya ndizi siku sita, inachacha, inapata joto, inatoa harufu mbaya. Bila kuoza huko haipati utamu. Labda na roho ya mtu iko hivyo. Mungu anatufunika gizani kusudi tuive.

Niambie habari za Jemima. Analala? Kuhusu siku ile anasema nini? Aliona nini hasa? Anamtaja baba yake? Anamtaja kwa hasira au kwa huzuni? Niandikie hata kama ni neno moja.

Na mgomba bado usikubali.

Zorobabel


Beni, Mulekera, 5 Aprili 2024

Zorobabel,

Pasaka imepita. Nilienda kanisani, nikakaa nyuma, nikaimba bila kufungua mdomo sana.

Nyumba yako kwanza. Baba anayewaachia watoto nyumba bila mlango, huku anajua kuna chui nje, majirani wanamwitaje? Usinijibu. Kakao sasa. Umesahau kitu kimoja, kwa sababu siku za kazi ulikuwa unakimbilia vitabu. Kakao tukiifunika, hatuiachi. Mathe na mimi tuliigeuza kila siku kwa mikono, tukiipima joto kwa kiganja. Mwenye kuichachusha yuko pale pale, harufu inamwingia mwilini. Wa kwako anafunika halafu anaenda wapi? Na tena, kakao haina mama.

Sasa nikuambie ninachowaza. Ninaposoma barua zako ninaona mtu anayemtetea Mungu kwa jasho jingi. Mungu hana haja ya jasho hilo. Mtu anayetetea hivyo ana kesi yake mwenyewe.

Halafu maswali yako kuhusu Jemima. Matano katika barua moja, nimeyahesabu. Kuhusu Mathe hata moja, kuhusu mtoto matano, na yote yanataka kujua kama ana hasira na baba yake. Swali kama hilo si la mjomba, Zorobabel. Nani anayeuliza kwa mkono wako?

Kahongya ameweka siku: Jumamosi, tarehe 20. Mila inataka mtoto wa kwanza ndiye aupige mgomba panga la kwanza. Kahongya alimwita Jemima akampa panga. Mtoto aliliweka chini, akasema, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote tangu Januari: "Hapana, baba mukubwa. Miye siwezi kata papa mara ya pili."

Amkate baba yake mara ya pili. Kahongya alinitazama, mimi nikatazama chini. Tangu hapo ninalala na mtoto huyu chumba kimoja na ninamwogopa. Anajua kitu. Na wewe unajua kitu. Na Mungu, kama yuko, anajua vyote. Mimi peke yangu ndiye ninayepika, ninayefua, na nisiyejua lolote.

Basi njoo tarehe 20. Wewe ndiye utakayehubiri. Uweke mkono wako juu ya mgomba uliovikwa shati la Mathe, useme mbele ya watu, "Hapa tunamzika shemeji yangu." Kama hujui kitu, sentensi hiyo ni nyepesi. Kama unajua, tutaona mkono wako.

Kanyere


Butembo, Bulengera, 11 Aprili 2024

Yaya Kanyere,

Mathe yuko hai.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nne, mara tatu nikaichana. Sasa Kataliko amekaa nje juu ya pikipiki, anangoja, sina njia ya kuichana tena.

Alifika kwangu siku ya tano. Hana viatu, miguu imevimba. Alipita njia za porini mpaka karibu na Kalunguta, hapo mtu wa lori la mbao akamhurumia. Nilitaka kukupigia saa ile ile. Alinishika mkono akauweka juu ya Biblia yangu, akaniapisha nisikuambie wewe wala mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe aseme. Niliapa kwa sababu alikuwa anatetemeka na nilidhani kesho atatulia. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Tangu hapo kila barua niliyokuandikia ilikuwa na uongo chini yake. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilijitahidi kuirefusha kwa theolojia.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa, kama alivyoniambia. Alikuwa anavunja kakao. Jemima alikuwa chini kwenye kijito na bidoni yake. Aliposikia bunduki aliinua kichwa akamwona mtoto amesimama kule majini. Kati yao hapakuwa mbali, hatua arobaini hivi. Naye aligeuka akakimbia upande mwingine. Hakuamua, anasema. Miguu iliamua. Alipojitambua alikuwa mbali na hakuweza kurudi.

Nilipomwambia Jemima yu mzima nilidhani ataruka kwa furaha. Alikaa chini sakafuni. Akasema: "Angekufa, ningerudia tulie pamoja na mama yake. Sasa iko muzima. Aliona mugongo yangu. Nitarudia na uso gani?"

Anafanya kazi kwenye depo ya viazi, anashona magunia. Viazi vile alivichagua yeye, kimoja kimoja. Maswali kuhusu Jemima ni yake. Anakaa kwenye kitanda changu ninapoandika, anasema, "Uliza kama ananitaja. Uliza tena." Umenipata, yaya. Ulinipata tangu mwanzo.

Kazi yangu ina kurasa thelathini na mbili. Juzi niliisoma yote nikaona aibu. Sikumtetea Mungu hata ukurasa mmoja. Nilikuwa ninatafuta sababu nzuri ya mtu kujua na kunyamaza, huku mwingine analia. Nimetafuta katika vitabu vyote vya maktaba yetu. Kwa upande wangu haipo. Kwa upande wa Mungu sijui, na nitamwambia mwalimu kwamba sijui.

Kiapo nimekivunja leo. Mathe hajui bado. Nitamwambia akitoka kazini.

Tarehe 20 sitaweza kuweka mkono juu ya mgomba ule. Unisamehe ukiweza.

Zorobabel


Beni, Mulekera, 15 Aprili 2024

Zorobabel,

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nilimwaga maji ya watu kisimani na kuwatukana walioniambia pole. Wiki kumi na mbili! Nimetazama maiti za wanaume wa watu, nimegeuza vidole gumba vya wafu, na mume wangu anashona viazi Butembo! Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Usiyapunguzie sukari.

Sasa na mimi nikuambie langu. Nilijua.

Nilijua tangu gunia. Unakumbuka ugomvi wetu wa kila msimu? Tangu alipojikata kidole gumba, Mathe hawezi kuvuta kamba vizuri kwenye kona. Anaruka mshono wa tatu, kila mara, na hapo panabaki tundu. Miaka tisa kakao inavuja kwa tundu hilo, miaka tisa ninapiga kelele, "Mathe, shona kama watu wengine!" Gunia la viazi lilipofika niliona tundu, mshono wa tatu kutoka kona. Niliingiza kidole changu ndani yake nikakaa hivyo mpaka sufuria ikaungua.

Lakini mwanamke aliyepoteza mume anamwona kila mahali. Nilijitilia shaka mimi mwenyewe. Ndiyo maana nikakuuliza nani ameshona, nikaona unavyosema uongo, na uongo wako ukanithibitishia kidogo. Halafu nikawaza kwamba kama yuko hai na hataki kuja, basi kuna mwanamke. Hilo lilinila kuliko kifo. Kwa hiyo nami nilinyamaza, karibu mwezi mzima, kusudi nikuone unavyohangaika. Tarehe 20 ilikuwa mtego. Donc usifikiri wewe peke yako una la kutubu.

Fundi wako bado sijamaliza naye. Ninamdai jibu, na jibu la kitabuni sitalipokea. Ila nimewaza jambo moja, usiliweke katika kazi yako, ni langu. Kama Mathe angeshona vizuri kama watu wote wa depo, ningepika viazi vile nikaendelea kuwa mjane. Sikumtambua kwa uzuri wa kazi yake. Nilimtambua kwa lile tundu. Halijibu kitu kuhusu bunduki. Lakini tangu jana ninaliwaza.

Kahongya nimemwambia hakuna mazishi. Aliuliza kwa nini, nikamwambia aulize viazi. Ameondoka akidhani nimerukwa na akili, na kamba yake ameichukua.

Jemima nimemsomea barua yako yote. Sikuruka kitu, hata habari ya mgongo. Alisikiliza, halafu akaomba karatasi. Aliandika amenigeuzia bega. Sikusoma. Unajua mimi, imenigharimu kutosoma. Mpe baba yake mkononi, na wewe usiisome.

Yaya wako,
Kanyere


Beni, 15 Aprili 2024

Papa,

Mama amenisomea kila kitu. Mjomba anasema unaogopa kwa sababu niliona mgongo wako.

Sikuuona, papa.

Mimi niliwaona wale watu kabla yako. Walikuwa ng'ambo ya kijito, wawili, mmoja alikuwa anakunywa maji. Bunduki zilikuwa hazijalia. Wewe ulikuwa umeinama, unavunja kakao, na ulikuwa unapiga mluzi. Ningeita mara moja tu, ungesikia. Sikuita. Niliogopa wangenisikia mimi. Niliiacha bidoni, nikafunga mdomo kwa mkono, nikageuka kuelekea majani. Bunduki zilipolia nilikuwa nimekwisha kukupa mgongo. Wewe uliona mtu amesimama, mimi nilikuwa ninaanza kuondoka, halafu nikaingia kwenye majani nikakimbia.

Siku zote nilijua kwamba nimekuua. Sikumwambia mama kwa sababu anakupigia simu kila siku. Baba mkubwa aliponipa panga niukate mgomba nilifikiri Mungu amemwambia.

Basi sasa unajua. Kama utakuwa na hasira, kuja uwe nayo hapa.

Mgomba aliouchagua baba mkubwa umetoa mkungu. Umeanza kuinama upande wa jiko. Mvua za mwezi huu zina upepo, na mgomba haujapata nguzo ya kuuegemeza. Mimi nimejaribu, sifikii. Mama anafikia lakini anasema si kazi yake.

Mwanao,
Jemima